Soya na ukomo wa hedhi: tuile kama chakula, tusiuziwe kama dawa

Wengi wenu mwajua kwamba kazi ilinitoa Pwani ikanileta Kitengela, mji ulio kando ya barabara ya Namanga, kilomita 30 hivi kutoka Nairobi. Hapa kuna watu wa kila kabila: Wamaasai wenye ardhi yao, wafanyakazi wa viwanda vya Athi River, na sisi wa Pwani tuliofuata riziki. Kina mama wa rika langu tukikutana, iwe kwenye chama au baada ya darsa, mazungumzo siku hizi hayakosi soya. Huyu kauziwa mkebe wa unga, huyu kaletewa vidonge mpaka mlangoni, yule kaambiwa aache maziwa ya ng'ombe anywe ya soya. Wote wanatafuta kitu kimoja, nafuu ya ukomo wa hedhi.

Mimi nina stashahada ya lishe, si daktari. Kwa hivyo nitaeleza yaliyo ya chakula, na yaliyo ya daktari nitamwachia mwenyewe. Kwa ufupi ni haya: soya ni chakula chema na kina msaada, lakini msaada wenyewe ni mdogo. Inunue kwa bei ya chakula, na isikuzuie kwenda hospitali panapostahili hospitali.

Ukomo wa hedhi ni nini

Mwanamke huhesabiwa amefikia ukomo wa hedhi akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na awe hana mimba, hanyonyeshi wala hatumii dawa ya kuizuia. Wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Kabla yake kuna kipindi cha mpito ambacho huweza kuchukua miaka kadhaa, hedhi ikija inavyotaka yenyewe.

Kinachotokea ni kwamba ovari hupunguza kutoa homoni ya estrojeni. Homoni hiyo ilikuwa ikisaidia ubongo kupima joto la mwili, ikilinda mifupa na kulainisha uke. Ikipungua, mwanamke hupandwa na joto la ghafla kifuani na usoni, hutokwa na jasho usiku, usingizi hukatika, uke hukauka, na mifupa hudhoofika haraka kuliko zamani.

Jambo hili si geni kwetu. Vitabu vya fiqhi vimelieleza, na Surat At-Talaq, aya ya 4, imetaja eda ya mwanamke aliyekwisha kukata tamaa ya hedhi. Kwa hivyo kulizungumza si kukosa haya. Mama anayeamka mara tano usiku akiwa ameroa jasho anastahili jibu kuliko kuambiwa "ni uzee tu, vumilia".

Ndani ya soya kuna nini

Soya ni jamii moja na kunde, asili yake Uchina. Ina protini nyingi, zaidi ya thuluthi ya uzito wake ikiwa kavu. Lakini kinachoifanya iuzwe kwa kina mama wa makamo ni viambato viitwavyo isoflavoni, hasa jenisteini na deidzeini. Umbo la viambato hivi linafanana na la estrojeni, kwa hivyo huweza kushika mahali mwilini ambapo estrojeni hushika. Ni kama ufunguo wa kuazima: unaingia kwenye kufuli, lakini nguvu yake ni ndogo sana ukilinganisha na ufunguo wenyewe.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Bakteria wa utumboni huweza kuigeuza deidzeini kuwa kiambato chenye nguvu zaidi, kiitwacho ekwoli, lakini si kila mtu ana bakteria hao. Katika nchi za Magharibi wenye uwezo huo ni kama robo hadi thuluthi ya watu, na Asia ya Mashariki hufika nusu au zaidi. Huenda hiyo ni sababu moja ya jirani yako kupata nafuu nawe usiipate, hali nyote mnakula soya ile ile.

Habari hii ilianzia wapi

Watafiti waligundua kwamba wanawake wa Japani hawalalamikii joto la ghafla kama wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1992 Herman Adlercreutz wa Finland na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kwamba huenda sababu ni soya, kwani Wajapani huila karibu kila siku, na tangu utotoni.

Kisha mwezi Julai 2002 sehemu ya utafiti mkubwa wa Marekani uitwao WHI, iliyokuwa na wanawake zaidi ya 16,000, ilisimamishwa kabla ya wakati. Ilionekana kwamba waliopewa estrojeni pamoja na projestini walipata saratani ya matiti, kiharusi na damu kuganda zaidi kidogo kuliko wasiopewa. Wanawake wengi duniani wakaziogopa homoni, na soko la soya likafunguka. Kilichosahaulika ni kwamba wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Leo madaktari husema kwamba kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, faida ya homoni kwa kawaida huzidi hatari yake.

Tafiti zinasema nini

Mwaka 2012 Taku na wenzake walikusanya majaribio mengi pamoja. Wakaona kwamba isoflavoni za soya, kwa kipimo cha kati cha miligramu 54 kwa siku, zilipunguza idadi ya joto la ghafla kwa karibu asilimia 21 na ukali wake kwa asilimia 26, zaidi ya nafuu waliyopata waliopewa kidonge kisicho na kitu. Mwaka 2013 uchambuzi wa shirika la Cochrane, uliopitia majaribio 43, haukupata ushahidi wa kukata shauri, ila ulisema vidonge vyenye jenisteini nyingi vilionyesha dalili njema. Mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Amerika Kaskazini hakikuiweka soya kwenye orodha ya tiba kinazozipendekeza.

Tuyapige hesabu. Mama anayepandwa na joto mara kumi kwa siku, soya ikimfaa, atapandwa mara nane. Homoni za hospitali hupunguza kwa takriban asilimia 75, yaani atabaki na mara mbili au tatu. Anayekwambia soya ni "homoni ya asili isiyo na madhara na yenye nguvu ile ile" anakuuzia maneno.

Wala kuzidisha hakusaidii. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2011, wanawake 248 waligawanywa, wengine wakipewa miligramu 200 za isoflavoni kila siku kwa miaka miwili. Mifupa yao haikunusurika zaidi ya ya wenzao, na joto la ghafla lilikuwa kwao zaidi, si pungufu.

Kwa upande wa chakula, jaribio dogo la mwaka 2021 lenye wanawake 38 lilitoa matokeo ya kutia moyo. Waliokula vyakula vya mimea vyenye mafuta machache, pamoja na nusu kikombe cha soya iliyochemshwa kila siku, walipungukiwa na joto kali kwa asilimia 84 baada ya wiki 12. Lakini wale walibadilisha mlo mzima na wakapungua uzito pia, na walijua wanachokula. Sifa yote haiwezi kupewa soya.

Soya jikoni

Nusu kikombe cha soya iliyochemshwa kina isoflavoni kama miligramu 50, yaani karibu sawa na kipimo cha majaribio yale ya mwaka 2012. Kikombe cha maziwa ya soya huwa na kama 25, ikitegemea uzito wake. Kijiko kikubwa cha unga wa soya kwenye uji ni kama 10. Mafuta ya kupikia ya soya na sosi ya soya karibu hazina kitu. Nyama ya soya, ile ya vipande vikavu, inategemea ilivyotengenezwa kiwandani: protini imo, ila isoflavoni huenda zilioshwa. Kunde, dengu na mbaazi zetu ni chakula kizuri sana, lakini isoflavoni zake ni kidogo mno.

Loweka soya usiku kucha, mwaga maji, chambua maganda, kisha chemsha mpaka ilainike kabisa. Soya mbichi au iliyoiva nusu ina vitu vinavyozuia mwili kusaga protini, na moto ndio unaoviondoa. Mimi huimalizia kwa tui la nazi, kitunguu na bizari kama mbaazi, na asiyeambiwa huila bila maswali. Ukitaka unga wa uji, soya ikaangwe kwanza ndipo ipelekwe kinuni. Na hapa Kitengela, ambako wafugaji wa kuku ni wengi, soya iliyosagwa kwa lishe ya mifugo tuwaachie kuku. Haikuandaliwa kwa usafi wa chakula cha watu.

Ukianza, jipe wiki 6 hadi 12. Andika kwenye daftari umepandwa na joto mara ngapi kwa siku, kabla ya kuanza na kila wiki baadaye. Usipoona tofauti, soya ibaki kuwa protini tu, na usiongeze vidonge juu yake. Wakati wa Ramadhani, bakuli la soya kwenye daku hushibisha muda mrefu, na kama chai ya moto na pilipili hukuchokoza joto, zipunguze.

Maziwa na mifupa

Ushauri wa kuacha maziwa ya ng'ombe kwa ajili ya soya ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Kajiado ni nchi ya mifugo. Maziwa ni chakula cha asili cha mama wa Kimaasai, na yamebeba mifupa ya vizazi vingi. Kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe kina kalsiamu kama miligramu 300. Maziwa ya soya ya nyumbani, yasiyoongezwa kalsiamu, yana kama 60 tu. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji karibu 1,200 kwa siku. Ukiyabadilisha moja kwa moja, umeuza kinga ya mfupa kwa nafuu ndogo ya joto.

Ukame wa kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ikikosa, uliua mifugo mingi Kajiado na maziwa yakawa haba. Familia ikikosa maziwa, soya hujaza pengo la protini, lakini kalsiamu itafutwe kwingine: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ufuta, na mboga za majani kama sukuma wiki. Kutembea na kubeba uzito kiasi nako huimarisha mifupa, na hakuna malipo.

Nani ajihadhari

Anayemeza dawa ya tezi ya shingo, levothyroxine, asiimeze pamoja na soya, kwani soya hupunguza dawa inayoingia mwilini. Aachanishe saa nne, na asibadili ulaji wake ghafla bila kumwambia daktari. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti huweza kula soya kama chakula cha kawaida, lakini vidonge vya isoflavoni asivianze kabla ya kuzungumza na daktari wake. Wenye mzio wa soya waiache kabisa. Na sisi Waislamu tuna jambo la ziada: kapsuli nyingi ni za jelatini, nayo huweza kutoka kwa nguruwe. Soma karatasi ya mkebe, na kama haielezi, rudisha.

Kwa wanawake waliokoma hedhi, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilitangaza mwaka 2015 kwamba haikuona ushahidi wa madhara ya vidonge hivi kwa matiti, mfuko wa uzazi wala tezi, kwa vipimo vilivyochunguzwa. Hilo linatuliza moyo, lakini halivigeuzi kuwa dawa.

Wakati wa kwenda hospitali

Damu ikirudi baada ya miezi 12 ya kukatika, hata tone, usitafute soya wala dawa nyingine ya kienyeji. Mara nyingi sababu huwa ndogo, lakini huweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi au ya mlango wake, na inayowahiwa hutibika kwa urahisi zaidi. Wengine wetu hushughulika kwanza na swali la sala: je, hii ni hedhi au istihadha? Swali la sala mpelekee mwalimu, la damu mpelekee daktari, yote mawili wiki hiyo hiyo.

Nenda pia kama hedhi imekatika kabla ya miaka 40, kama moyo unadunda vibaya, unakonda bila sababu, au huzuni imekushika haiondoki. Na kama joto linakunyima usingizi na kazi, una haki ya kuuliza kuhusu homoni na dawa nyingine. Aliye Kitengela aanzie hospitali ya umma iliyo karibu naye, na penye haja ataelekezwa hospitali ya rufaa ya kaunti, mjini Kajiado. Aliye Pwani vivyo hivyo, aanzie karibu na nyumbani.

Dada yangu, siku utakapoletewa mkebe wa soya wenye bei ya mbuzi, muulize muuzaji maswali mawili: una miligramu ngapi za isoflavoni, na unapunguza joto kwa kiasi gani? Akikosa jibu, nenda sokoni kapime kilo moja ya soya, na pesa itakayobaki iwe nauli ya kwenda kupimwa.