Dundu ndani ya sikio la Speke

Juzi, ku lupango yetu ya Katuba, mtoto wa jirani alijiingiza haragi ndani ya sikio. Mama yake alikuwa ameshika pini ya nywele tayari. Bibi mmoja akasema: "Mumumwangie mayi, itatoka!" Nikakatalia: "Hapana, bibi! Ile haragi ikikunywa mayi itavimba." Mbegu kavu ya haragi ikilowa, uzito wake unakaribia mara mbili. Ile agronomi yangu imenisaidia siku hiyo.

Lakini ile pini njo ilinikumbusha Speke, Mwingereza wa karne ya 19. Mwezi wa tatu 1858 alivuka ziwa Tanganyika kwa mtumbwi. Mwenzake Richard Burton alibaki mgonjwa upande wa Ujiji. Speke alikuwa anaenda kisiwa cha Kasenge, karibu na ng'ambo ya magharibi, ambayo leo ni Kongo yetu, kumuomba mfanyabiashara Mwarabu, Hamid bin Sulayyim, jahazi.

Usiku mmoja njiani, dhoruba ilipiga hema lake. Ilipotulia akawasha mshumaa apange vitu. Wadudu wengi wa usiku wanafuata mwanga: hema likajaa madundu madogo meusi. Alichoka kuyafukuza, akalala nayo vile vile. Moja likaingia sikioni. Njia ya sikio ni nyembamba, urefu wake kwa mtu mzima ni karibu sentimeta 2.5, na dundu likishaingia ni shida kugeuka. Linachimba mbele tu, mpaka kwenye ngoma ya sikio.

Akamimina siagi iliyoyeyushwa. Wazo lile halikuwa baya. Hata leo waganga wanaweza kuua mdudu kwa mafuta kabla ya kumtoa, kama ngoma haijatoboka. Siagi ikashindwa. Basi Speke akachukua kisu kidogo, akachokora mwenyewe. Dundu lilikufa, lakini kisu kilimjeruhi. Sikio likatunga usaha, uso ukavimba, hakuweza kutafuna, akaishi kwa mchuzi. Akawa karibu kiziwi. Akipenga kamasi, sikio lilipiga mluzi, watu wakacheka. Jahazi lenyewe hakupata! Vipande vya dundu, miguu na mabawa, viliendelea kutoka pamoja na nta miezi sita au saba baadaye.

Speke alikuwa mbali na kila munganga. Mama wa Katuba hospitali iko karibu, lakini aliniuliza: "Franka za kuonana na munganga ziko wapi?" Pini ni bure, na kisa chake chote kiko hapo. Tulichanga watu wa lupango, kila mtu kidogo, tukamwambia mtoto asiguse sikio, tukaenda. Munganga alikuwa na taa ku kichwa na kijichuma cha ndoano. Dakika mbili tu.

Mama alifunga ile haragi mu kitambaa, aionyeshe baba ya mtoto mangaribi.