Mifugo Iliyoibwa na Kodi za Vyumba vya Majengo

Historia ya wizi wa mifugo nchini Kenya huandikwa kutoka malishoni, ilhali sehemu yake muhimu imo Majengo, katika Pumwani, eneo lililotengwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 ili Waafrika wa Nairobi wajijengee nyumba za udongo. Miaka ya 1890 sotoka, yaani maradhi yanayofisha ng'ombe kwa haraka, iliangamiza mifugo ya jamii nyingi, na baadaye uvamizi wa mifugo, ambao kwa vijana wa Kinandi na Kimaasai ulikuwa ushujaa, ulifanywa kosa la jinai. Sheria ya mwaka 1913 iliruhusu faini ya mara kumi ya thamani ya mnyama aliyeibwa, na mwizi aliposhindwa kulipa, jamaa zake waliweza kudaiwa. Adhabu hiyo ilikuwa dhuluma dhahiri, kwa kuwa iliwafilisi wasio na hatia.

Katika uchumi huo uliovurugwa, baadhi ya wanawake waliofika Nairobi, kama alivyoonyesha mwanahistoria Luise White, waliuza miili yao na huduma za nyumbani, wakawanunulia baba zao mifugo. Wengine walijenga nyumba Pumwani na kuishi kwa kodi za vyumba. Wanawake hao, waliodharauliwa sana, wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa waliofufua mazizi ya Kenya.