Kinango Haikuwa na Kamera

Siku hizi polisi akimsimamisha mtu wa boda pale Ukunda, simu za abiria zinatoka mfukoni kabla ya leseni ya dereva. Naelewa kwa nini. Lakini kesi ambayo naona sisi wa Kwale tunafaa kuikumbuka zaidi haikuwa na klipu hata moja.

Usiku mmoja wa Agosti 2014, huko Kinango, polisi waliokuwa wakimsaka mshukiwa wa mauaji walimpiga risasi msichana wa miaka 14, akafa. Jina lake Kinango wanalijua. Maafisa walisema aliwajia na panga, wakajitetea. Kwa mazoea yetu hadithi ingeishia hapo: neno la afande dhidi ya neno la familia ya kijijini.

Haikuishia hapo. IPOA, mamlaka ya kiraia iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kuwachunguza polisi, iliingia. Mwili ulifukuliwa, ukapimwa upya. Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani maafisa wawili kwa kuua bila kukusudia, miaka 7 kila mmoja. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo kutokana na uchunguzi wa IPOA. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaiacha isimame.

Sisemi video haina maana. Nasema kilichobadilika pale ni mizani: neno la polisi lilipimwa kama la shahidi mwingine yeyote.

Mizani ikiwa mbovu, hata video haitoshi. Los Angeles, 1991, dunia nzima iliona Rodney King akipigwa na polisi. Kwenye kesi ya kwanza, 1992, mawakili wa polisi waliipitisha kanda polepole, picha baada ya picha, wakieleza kila pigo. Hakuna afisa aliyetiwa hatiani siku hiyo.

Hapa Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kinachoeleza rekodi ilitengenezwa vipi na kwa kifaa gani. Kwa hiyo klipu iliyozunguka WhatsApp, isiyojulikana imetoka kwa nani, inaweza kukwama mlangoni.

Basi ukirekodi, usifute ile ya kwanza, na usiikate. Halafu jiulize swali gumu zaidi: siku ya kesi ikifika, utakubali kusimama kizimbani useme ni wewe uliyeirekodi?