Asiyekuwapo na Lake Halipo: Historia ya Uhakiki wa Viendeshi vya Linux, Ikitazamwa kutoka Gitega

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya uhakiki wa viendeshi katika mradi wa Linux tangu mwaka 1991. Viendeshi ni programu ndogo zinazokiwezesha kiini cha mfumo endeshi kuwasiliana na vifaa vya kompyuta. Hoja kuu ni kwamba uhakiki huo, ambao husifiwa zaidi kwa uwazi wake, umesimama juu ya nguzo mbili: uwajibikaji wa mtu anayejulikana kwa jina, na ushahidi wa mtu aliye na kifaa mkononi. Nguzo ya kwanza imejengewa kanuni. Ya pili imeachiwa wanaojitokeza. Kwa kulinganisha utaratibu huo na taasisi ya ubushingantahe ya Burundi, makala inaonesha kwamba ukimya wa watumiaji wa Afrika Mashariki huhesabiwa kuwa ni kutokuwapo kwao.

1.0 Utangulizi

Gitega ilifanywa makao ya utawala wa Kijerumani mwaka 1912, na tangu Januari 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi. Nchi hii haina pwani. Bidhaa zinazotoka bandari ya Dar es Salaam huingia kwa barabara, na moja ya njia zake ni mpaka wa Kobero katika uliokuwa mkoa wa Muyinga. Miongoni mwa bidhaa hizo zimo kompyuta ambazo zimekwisha kutumiwa na watu wengine kwingineko. Anayenunua kompyuta ya namna hiyo na kuiwekea mfumo wa Linux, kwa mfano Ubuntu, ambao jina lake Mrundi hulielewa bila kutafsiriwa, hukabiliwa na swali moja la haraka: je, kadi ya mtandao, printa au modemu itatambuliwa?

Jibu la swali hilo huwa limekwisha kutolewa kabla mashine haijafika Kobero. Limetolewa na watu waliousoma msimbo wa kiendeshi, wakauhoji, wakaukubali au wakaukataa. Wanahistoria wa teknolojia wameandika mengi juu ya waasisi wa Linux, lakini wahakiki hawajatazamwa vya kutosha. Makala hii inajaribu kuliziba pengo hilo kwa kuutazama uhakiki kutoka mahali ambapo matokeo yake hupokelewa, si mahali unapofanyika.

2.0 Kifaa cha Mwandishi: 1991 hadi 2001

Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anaandika mfumo endeshi. Katika tangazo hilo alieleza kuwa huenda mfumo wake usiwahi kuhimili diski za aina nyingine isipokuwa ile aliyokuwa nayo. Kauli hiyo inataja kanuni ambayo imeendelea kuutawala mradi hadi leo: kifaa kinachohimiliwa ni kile ambacho mtu fulani anacho, anakijaribu na anakisemea.

Toleo la 1.0 la Machi 1994 lilikuwa na mistari ya msimbo ipatayo 176,000. Kufikia mwaka 2020 mistari ilikuwa imezidi milioni 27, na zaidi ya nusu yake ilikuwa ya viendeshi. Kwa hiyo, ukuaji wa Linux kwa sehemu kubwa ni ukuaji wa orodha ya vifaa.

Ukuaji huo ulikuja na hatari. Kiendeshi hufanya kazi ndani ya kiini, mahali ambapo kosa dogo huweza kuiangusha mashine nzima au kuharibu data. Mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha uchunguzi ulioonesha kuwa kiwango cha makosa katika viendeshi kiliweza kuwa mara tatu hadi saba ya kile cha sehemu nyingine za kiini. Sababu yake si ngumu kuiona. Msimbo wa msingi hutumiwa na kila mtu, hivyo makosa yake hugunduliwa mapema. Kiendeshi cha kifaa adimu husomwa na wachache na kujaribiwa na wachache zaidi.

3.0 Saini na Chumba cha Kungojea: 2004 hadi 2009

Mwaka 2003 kampuni ya SCO iliishtaki IBM, ikidai kwamba mali yake ilikuwa imeingizwa katika Linux. Dai hilo lilizua swali ambalo mradi haukuwa na njia nyepesi ya kulijibu: nani alileta mstari upi, na kwa haki gani? Mwaka 2004 Torvalds alianzisha utaratibu wa saini. Kila aletaye kiraka, yaani badiliko la msimbo, hutia jina lake na kuthibitisha kuwa ana haki ya kukitoa. Kila mtunzaji anayekipitisha hutia lake chini ya hilo. Baadaye ziliongezwa saini za aina nyingine, zikiwamo ya mhakiki aliyekisoma kiraka na ya mjaribu aliyekitumia kwenye kifaa. Msomaji aliyelelewa katika elimu ya hadithi atautambua mfuatano huo, kwa kuwa unafanana na isnadi, ambapo uzito wa maneno hutegemea mlolongo wa wapokezi wanaojulikana. Mfumo wa Git, ulioanzishwa Aprili 2005, uliuhifadhi mlolongo huo ndani ya historia ya msimbo wenyewe.

Hatua iliyofuata ilihusu ubora. Mwaka 2007 Greg Kroah-Hartman alizitangazia kampuni za vifaa kwamba wanaprogramu wa Linux wako tayari kuziandikia viendeshi bila malipo, mradi kampuni zitoe maelezo ya kiufundi. Mwaka 2008 likaundwa eneo maalumu ndani ya kiini kwa ajili ya viendeshi vinavyofanya kazi lakini havijafikia kiwango. Tunaweza kuliita chumba cha kungojea: kiendeshi hukaa humo kikirekebishwa hadaharani, kisha hupandishwa au huondolewa. Julai 2009 hata Microsoft, mshindani wa miaka mingi, ilileta viendeshi vyake vyenye mistari ipatayo 20,000, navyo vikaanzia katika chumba hicho kama vya mgeni mwingine yeyote.

Umuhimu wa saini ulithibitishwa na tukio la kinyume. Mwaka 2021 ilizuka kashfa baada ya kubainika kuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wametuma, kwa majina ya bandia, viraka vyenye kasoro za makusudi ili kuwapima wahakiki. Watunzaji walisitisha kupokea michango ya chuo hicho na kuanza kuikagua upya iliyotangulia. Hasira yao haikutokana na kasoro peke yake, kwani kasoro huletwa kila siku na watu wema. Kilichovunjwa ni dhana kwamba jina lililo chini ya kiraka ni la mtu anayeweza kuulizwa.

4.0 Modemu na Mstari Mmoja

Nguzo ya pili, ushahidi wa mwenye kifaa, inaonekana vizuri zaidi katika historia ya modemu za USB. Kabla ya kebo ya SEACOM kufika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009, eneo letu lilitegemea sana setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti. Katika miaka iliyofuata, modemu ndogo ya kuchomekwa kwenye kompyuta, yenye laini ya simu ndani yake, ikawa njia ya watu wengi ya kuingia mtandaoni.

Modemu hizo zilikuwa na tabia ya kutatanisha. Huawei E220, kwa mfano, ilipochomekwa ilijitambulisha kwanza kama diski ya CD yenye programu ya Windows. Ilipaswa kupewa amri maalumu ndipo ijitokeze kama modemu. Kwa mtumiaji wa Linux, hali hiyo ilimaanisha kuona CD asiyoihitaji na kuukosa mtandao alioulipia. Suluhisho lilikuwa na sehemu mbili: kukifundisha kiini kuipa modemu amri ya kugeuka, na kuiandika namba yake katika jedwali la kiendeshi. E220 hutambulishwa kwa namba mbili, 12d1 ya mtengenezaji na 1003 ya bidhaa. Modemu nyingi zilizofuata zilihitaji mstari wa namna hiyo.

Kiraka cha mstari mmoja kinaweza kudhaniwa kuwa hakihitaji uhakiki. Kwa kweli maswali yake ni mazito. Kifaa kimoja cha USB huwa na milango kadhaa: mmoja wa modemu, mwingine wa hifadhi, mwingine wa kadi ya mtandao. Kiendeshi kikishika mlango usio wake, kiendeshi halali cha mlango huo hunyimwa nafasi. Ndiyo maana watunzaji humtaka mleta kiraka aambatishe maelezo ya milango yote, kama kifaa chenyewe kinavyoyatoa. Mhakiki, hata awe bingwa, hawezi kuyabuni maelezo hayo. Ni lazima yatoke kwa mtu aliyekichomeka kifaa na kukitazama. Katika suala hili mwanafunzi wa Muyinga mwenye modemu ana ushahidi ambao mhandisi asiye nayo hana.

5.0 Hukumu ya Ukimya

Uhakiki hauishii mlangoni pa kuingilia. Kila kiini kinapobadilishwa, viendeshi vya zamani hupaswa kurekebishwa, na visivyo na mtu huwa mzigo. Mwaka 2019 Torvalds alikitangaza kiendeshi cha diski za flopi kuwa yatima, kwa kuwa mtunzaji wake hakuwa tena na mashine ya kukijaribia. Hakikuondolewa, kwa sababu Denis Efremov alijitokeza kukitunza.

Tofauti na hilo ni kisa cha WiMAX, teknolojia ya intaneti isiyotumia waya ambayo baadhi ya kampuni za Afrika Mashariki ziliwahi kuitumia. Oktoba 2020, Arnd Bergmann alipendekeza msimbo wake uhamishiwe katika chumba cha kungojea na hatimaye uondolewe. Sababu alizotoa zilikuwa za wazi: hakukuwa na mtumiaji aliyejulikana, na orodha ya mitandao ya WiMAX iliyomo katika Wikipedia ilionesha kuwa mingi ilikuwa imefungwa au imehamia teknolojia mpya. Aliacha nafasi kwa yeyote anayeihitaji kusema. Mwaka 2021 msimbo uliondolewa.

Sidai kwamba uamuzi huo ulikuwa na kosa. Mitandao hiyo ilikuwa kweli inafifia, na msimbo usiojaribiwa ni hatari. Kinachostahili kuzingatiwa ni namna ushahidi ulivyopatikana. Kuwapo kwa watumiaji duniani kote kulipimwa kwa orodha ya mtandaoni na kwa tangazo la Kiingereza katika baraza la wanaprogramu. Mtumiaji wa Gitega asiyelijua baraza hilo hakuwa na njia ya kuhesabiwa. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika kisa hiki methali hiyo ni maelezo ya utaratibu wa kazi.

6.0 Ulinganisho na Ubushingantahe

Burundi ina historia yake ya uhakiki wa hadharani. Bashingantahe walikuwa waamuzi wa mlimani, na jina lao linatokana na kuisimika intahe, fimbo ya haki. Mtu hakuupata wadhifa huo kwa kurithi peke yake wala kwa kujitangaza. Alichunguzwa na majirani kwa muda mrefu, akafundwa na waliomtangulia, kisha akaapishwa mbele ya watu. Shauri lilisikilizwa mbele ya wote, pande mbili zikisema.

Ulinganisho na watunzaji wa kiini ni wa karibu. Nao hupata nafasi kwa kazi inayoonekana, huamua hadharani, na huhukumiwa kwa hukumu zao. Hata udhaifu una mfano wake. Utawala wa kikoloni ulipunguza mamlaka ya bashingantahe, na baada ya uhuru cheo hicho kikapewa pia watu walioteuliwa kwa sababu za kisiasa. Ndiyo maana Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulizungumzia kuirejeshea taasisi hiyo hadhi yake. Funzo lake ni kwamba cheo cha mhakiki hubaki na jina lake lakini hupoteza nguvu pale kinapotenganishwa na majirani waliomchunguza.

Hata hivyo, tofauti moja ni kubwa. Mushingantahe aliweza kwenda kuutazama mpaka wa shamba linalogombewa. Mhakiki wa kiendeshi mara nyingi hana kifaa anachokiamulia. Humlazimu kutegemea mashahidi, na mashahidi hao wakitoka sehemu chache za dunia, hukumu yake itakuwa ya haki kwa sehemu hizo. Uwazi wa baraza hauondoi upungufu huo, kwani mlango ulio wazi haumfikishi aliye mbali nao.

7.0 Hitimisho

Historia tuliyoifuatilia inaonesha kwamba uhakiki wa viendeshi ulijengwa kwa vipindi: kwanza kifaa cha mwandishi, kisha saini ya mwajibikaji, kisha chumba cha kungojea. Katika kila kipindi kanuni ya 1991 ilibaki: kifaa kisicho na msemaji hakina hakika ya kesho.

Kutokana na hayo, mapendekezo mawili yanafuata. La kwanza, vyuo vyetu vinavyofundisha kompyuta viifanye kazi ya kupima viendeshi na kutuma ripoti kuwa sehemu ya mafunzo. Orodha ya vifaa vinavyotumika Gitega na Muyinga, pamoja na namba zake na matokeo ya majaribio, ni mchango ambao hauhitaji ubingwa wa kuandika kiini, nao huingia katika kumbukumbu ya kudumu kwa saini ya mjaribu. La pili ni la wanaisimu. Istilahi kama kiini, kiendeshi, kiraka na mtunzaji zinatumika kwa namna tofauti kutoka mwandishi mmoja hadi mwingine, na mwanafunzi hawezi kutoa ushahidi kwa maneno yasiyotulia. Kazi ya kuzisanifu istilahi hizo ni ya wataalamu wa Kiswahili, na hakuna mtunzaji wa kiini atakayeifanya kwa niaba yao.