Vidonge vya Mkuzi na OTC ya ng'ombe wako
Ndugu mfugaji wa Mombo, vijidudu kuzoea dawa si jambo la jana, na mkoa wetu wa Tanga una historia yake.

Wajerumani walianzisha kituo cha Amani mwaka 1902, wakapanda mikwinini. Magome yake yana dawa ya malaria. Miaka ya 1950, kule Mkuzi, Muheza, wanakijiji walipewa vidonge vya pirimethamini kwa ratiba, wajikinge. Dawa hiyo huzuia vimelea kutengeneza foleti, na bila foleti havizaani. Vingi vikafa. Vichache vyenye maumbile tofauti vikabaki, vikazaana, na ndani ya miezi michache vidonge vikashindwa kazi. Baadaye klorokwini nayo ikazidiwa: mwaka 2001 Tanzania Bara ikahamia SP, kisha 2006 dawa mseto.

Kwa ng'ombe ni yale yale. OTC huzuia bakteria kutengeneza protini. Ukichoma nusu dozi kubana hela (mnaofanya hivyo nawajua!), unaua wanyonge na kuwaachia zizi wenye nguvu. Pima uzito kwa utepe, na maliza siku zilizoandikwa hata kama mnyama ameanza kula.