Bei ya Korosho kwa Mkulima wa Mikindani na Mtwara

Bei ya korosho ghafi anayolipwa mkulima wa Mikindani, na wa mkoa wa Mtwara kwa jumla, hutajwa mnadani, lakini huanza kupangwa mbali zaidi ya mnada. Upande mmoja wapo wakulima na ushirika wao: chama cha msingi (AMCOS) kijijini na chama kikuu juu yake. Upande wa pili wapo wabanguaji, yaani wenye viwanda vya kutoa kiini ndani ya ganda, ambao wengi wako India na Vietnam. Katikati wapo wenye maghala, wasafirishaji, mabenki, halmashauri na Bodi ya Korosho Tanzania yenye makao yake Mtwara. Kila mmoja ana mkono katika shilingi inayomfikia mkulima, na mikono hiyo haina nguvu sawa.

Mahali na majira

Mikindani ni mji mkongwe wa Waswahili kwenye ghuba yake, kilomita kumi hivi kutoka Mtwara mjini, na sasa umo ndani ya Manispaa ya Mtwara Mikindani. Katika karne ya 19 ulikuwa bandari ya pembe za ndovu na watumwa. Mpelelezi David Livingstone alipitia hapa mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya bara, na Wajerumani wakajenga boma lao mwaka 1895. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza uliokuja kuanguka, ndiyo iliyoinyang'anya Mikindani biashara ya meli. Ardhi ya kichanga inayouzunguka mji, hadi bonde la Ruvuma na uwanda wa Makonde, imebaki kuwa ya mikorosho, mti ambao asili yake ni Brazil na ulioletwa na Wareno katika karne ya 16.

Majira ya mavuno yana uzito mkubwa katika bei. Kusini mwa Tanzania korosho huokotwa kati ya Oktoba na Januari, ilhali India, Vietnam na Afrika Magharibi huanza kuvuna Februari hivi. Miezi ya mwisho wa mwaka hukuta viwanda vya Asia vimepungukiwa, na wenye viwanda hawataki mashine na wafanyakazi wakae bure. Hiyo ndiyo nguvu ya Mtwara. Ni nguvu ya muda mfupi, maana kila wiki inayopita Ivory Coast inasogea sokoni. Kwa hiyo mnada ulioahirishwa kwa mabishano, magunia yaliyochelewa kufika vijijini au lori lililokosekana kwa wiki mbili humgharimu mkulima fedha ambazo hazionekani katika orodha yoyote ya makato.

Kabla ya ghala

Wakati wa ukoloni korosho zilikwenda India zikiwa ghafi, zikikusanywa na wenye maduka ya vijijini. Baada ya uhuru ununuzi ulikabidhiwa kwa vyama vya ushirika chini ya bodi ya serikali iliyokuwa mnunuzi pekee. Uzalishaji ulipanda hadi tani 145,000 hivi katika msimu wa 1973/74, kisha ukaporomoka mpaka kufikia tani zisizozidi 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Sababu zilikuja pamoja. Operesheni ya vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, na shamba lisilopaliliwa hugeuka pori. Ugonjwa wa ubwiriunga ulishambulia maua. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, mamlaka ya serikali ikachukua nafasi yao, na bei iliyolipwa haikumshawishi mtu kurudi shambani. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, jirani kabisa na Mikindani, ndio walioonyesha namna ya kuzuia ubwiriunga kwa unga wa salfa, na bila kazi yao mengine yote yanayosimuliwa hapa yasingekuwapo.

Soko liliachiwa huru mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanunuzi binafsi walileta fedha taslimu na ushindani wa awali, lakini pia walileta kilio ambacho wazee wa Mtwara hawajakisahau: mizani isiyoaminika, bei inayobadilika kati ya asubuhi na jioni, na kangomba. Kangomba ni biashara ya kununua korosho kwa kopo au bakuli badala ya mizani, mara nyingi kabla ya msimu, wakati mkulima ana mgonjwa nyumbani au mtoto wa kupeleka shule. Anayeuza kwa kangomba hulipwa sehemu ndogo ya bei atakayoisikia mnadani miezi michache baadaye. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, nayo haijaisha, kwa sababu shida inayoizaa, yaani kukosa fedha kati ya Machi na Septemba, haijaisha.

Stakabadhi ghalani

Sheria ya stakabadhi za maghala ilipitishwa mwaka 2005, na kwenye korosho mfumo huo ulianza Mtwara katika msimu wa 2007/08. Mkulima hukausha korosho zake, huzichambua na kuzipeleka chama cha msingi. Zikishapimwa hupewa hati, kisha mzigo wa wanachama wote husafirishwa hadi ghala kuu, ambako ubora huangaliwa tena na kuwekwa katika daraja la kwanza au la pili. Chama kikuu hupeleka mizigo mnadani. Mtwara ina viwili: MAMCU, kinachohudumia Masasi, Nanyumbu, Nanyamba na Mtwara pamoja na Mikindani yake, na TANECU cha Tandahimba na Newala.

Ushirika huathiri bei kwa njia tatu, na ni vema kuzitenganisha kwa sababu watu huzichanganya. Kwanza hukusanya wingi: mnunuzi anayehitaji shehena ya meli hana haja na magunia mawili ya bibi wa Mikindani, ila tani mia tano zilizo tayari ghalani zitamtoa Kochi au Ho Chi Minh. Pili hununua muda, maana mzigo ukiwa ghalani na stakabadhi ikiwa mkononi wanachama wanaweza kukataa bei ya leo. Kwa miaka mingi zabuni zilifunguliwa na kusomwa hadharani mbele ya wakulima, nao wakajibu papo hapo kwa kukubali au kugoma. Tatu, na hapa ndipo penye maumivu, ushirika hukata. Kati ya bei ya mnada na fedha inayoingia katika akaunti ya mkulima kuna ushuru wa chama cha msingi, wa chama kikuu, gharama ya ghala, usafirishaji, na ushuru wa halmashauri, ambao kwa mazao ya biashara ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3. Orodha yake huitwa mjengeko wa bei. Juu yake kuna unyaufu, uzito unaopotea korosho zinapoendelea kukauka ghalani. Ni jambo la kweli kisayansi, na pia ni mwanya wa wizi pale kamati ya chama inapokosa uaminifu.

Miaka ya mwanzo ya mfumo malipo yalikuja kwa awamu. Chama kilikopa benki kwa dhamana ya mzigo, kikamlipa mkulima sehemu ya bei dira, yaani bei ya chini iliyotangazwa, na salio likategemea mnada. Wanunuzi waligundua haraka kwamba riba ya mkopo huo inamla mkulima, si wao, na kwamba wakinyamaza kwa wiki kadhaa chama kitauza tu. Msimu wa 2012/13 ulionyesha hatari yake. Wakulima wa Liwale, mkoani Lindi, walilipwa shilingi 600 kwa kilo kama malipo ya kwanza wakiahidiwa nyingine 600, na Aprili 2013 wakaambiwa salio ni 200. Nyumba za viongozi zilichomwa moto. Baadaye utaratibu ukabadilishwa kuwa wa malipo ya mkupuo mmoja baada ya mnada, kwa njia ya benki, na hilo lilikuwa jambo jema.

Mwaka 2018

Katika misimu ya 2016/17 na 2017/18 bei ilikaribia shilingi 4,000 kwa kilo. Ushirika ulisifiwa, na sifa hiyo ilistahili kwa sehemu tu, kwa kuwa bei ya dunia nayo ilikuwa juu. Oktoba 2018 bei ya dunia iliposhuka, zabuni za kwanza Tandahimba na Newala zilikuja chini ya shilingi 3,000 na wakulima wakazikataa. Novemba Rais John Magufuli aliwatoa kazini mawaziri wa kilimo na viwanda, akaivunja bodi ya korosho, akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 na kutuma malori ya jeshi kusomba mzigo.

Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Matokeo yalikuwa mchanganyiko: uhakiki wa mashamba uliolenga kuwanasa wafanyabiashara wa kangomba ulichelewesha malipo ya wengi, vijiji vikakaa bila fedha wakati wa ada za shule na maandalizi ya palizi, na mkataba wa Januari 2019 wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000 ulivunjwa miezi michache baadaye. Serikali ilibaki na ghala lililojaa wakati Afrika Magharibi imeanza kuuza. Somo la kiuchumi ni gumu lakini liko wazi: anayeuza korosho ghafi anaweza kuamua lini auze, ila hawezi kuamua dunia inalipa nini. Msimu uliofuata minada ilirudi.

Wabanguaji

Mnunuzi wa korosho ghafi hahesabu kilo peke yake, huhesabu ratili za kiini atakazopata katika gunia la kilo 80. Korosho nzuri ya Mtwara hutoa ratili 50 hivi, na hiyo ni miongoni mwa bora duniani. Kutoka bei ya kiini huko Ulaya, Marekani au India kwenyewe, mbanguaji huondoa gharama ya kazi, faida yake, nauli ya meli, kontena na ushuru wa kusafirisha korosho ghafi, ambao Tanzania hutoza asilimia 15 ya thamani bandarini au dola 160 kwa tani, kikubwa kati ya hivyo. Kinachobaki ndicho anachoandika kwenye zabuni. Kila gharama iliyo njiani, ikiwamo ya kuleta makontena matupu katika bandari ya Mtwara inayopokea bidhaa chache kutoka nje, hurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwa mkulima.

Tanzania ilijenga viwanda 12 vya kubangua kuanzia miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, vingi kwa mikopo ya Benki ya Dunia na mitambo ya Italia na Japani. Vilikamilika wakati korosho zenyewe zimetoweka. Vilifungwa, vikabinafsishwa, na baadhi vikageuzwa maghala ya kuhifadhi korosho zinazosubiri kwenda kubanguliwa ng'ambo. Hadi leo sehemu kubwa ya mavuno huondoka nchini ikiwa ghafi. Mbanguaji wa ndani hukopa kwa riba kubwa na hulazimika kununua mzigo wa mwaka mzima ndani ya miezi mitatu, tena mnadani akishindana na kampuni za Asia zenye mtaji mrefu.

Ng'ambo ya Ruvuma kuna funzo ambalo Mtwara ingefaa kulisoma vizuri. Katika miaka ya 1990 Benki ya Dunia iliishinikiza Msumbiji kupunguza kodi ya korosho ghafi, kwa hoja kwamba mkulima angelipwa zaidi. Viwanda vilifungwa na maelfu ya wafanyakazi, wengi wao wanawake, wakapoteza ajira. Nyongeza iliyomfikia mkulima ikawa ndogo, kwa sababu sehemu kubwa ilibaki kwa wafanyabiashara wa kati. Mwaka 1999 Bunge la Msumbiji lilirudisha kodi ya kati ya asilimia 18 na 22. Kodi kama hiyo humlinda mbanguaji wa ndani na humpunguzia mkulima bei ya leo. Haki yake inategemea fedha hizo zinakwenda wapi. Tanzania ilikuwa ikitenga asilimia 65 ya ushuru huo kwa ajili ya kuendeleza zao, pamoja na pembejeo, mpaka mwaka 2018 serikali ilipozielekeza fedha hizo Mfuko Mkuu wa Hazina, jambo lililozua mjadala mkali bungeni. Wabunge wa kusini walikuwa na hoja: ushuru unaotoka kwenye mgongo wa mkulima ulipaswa kurudi kwake kama salfa.

Mfano wa maziwa ya Tanga

Tanga inaonyesha njia nyingine ya kumfaidisha mzalishaji mdogo, yaani kumiliki sehemu ya kiwanda. Wafugaji wadogo wa huko waliungana katika chama kikuu cha TDCU mwaka 1993, na miaka michache baadaye chama hicho, pamoja na wabia kutoka Uholanzi, kikaanzisha kiwanda cha Tanga Fresh. Maziwa huharibika kwa saa, hivyo mfugaji hawezi kugoma kama mkulima wa korosho. Yakikataliwa asubuhi yamepotea. Ulinzi wake ni kituo cha kupozea maziwa kilicho karibu na hisa za chama chake ndani ya kiwanda. Mkulima wa Mtwara ana zao linalokaa ghalani miezi kadhaa, lakini kwa muda mrefu amekosa hisa kiwandani. TANECU imeanza kubangua yenyewe huko Newala, na Bodi ya Korosho inaandaa kongani ya viwanda Maranje, Nanyamba.

Hali ya sasa

Kuanzia msimu wa 2024/25 minada inaendeshwa kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mnada wa kwanza wa Oktoba 2024 ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo, baada ya miaka ambayo bei ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 2,000, na mavuno ya nchi yalipita tani 500,000. Zabuni za kompyuta zimepunguza nafasi ya wanunuzi kupatana pembeni. Makato hayakuondoka pamoja na sanduku la zabuni. Mwanachama wa chama cha msingi Mikindani anayetaka kujua bei yake halisi aombe mjengeko wa bei wa msimu huu kwenye mkutano mkuu, kato kwa kato, aulinganishe na fedha iliyoingia benki, na asikubali kuondoka bila kujibiwa.