UJIRA WA MKATABA NA KIPIMO CHA HAKIMU

Katika nyumba nyingi za Lupembe na Njombe jina la manamba lingali lakumbukwa. Ndivyo walivyoitwa watu waliotia kidole gumba katika mkataba, wakaenda kukata mkonge Tanga. Nalo jina latokana na namba aliyopewa kila mmoja. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwaandika watu, iliyoitwa SILABU.

Sheria iliyowatawala ilikuwa ya mabwana na watumishi, ya mwaka 1923. Mtu akitoroka kabla ya mkataba kwisha alihesabiwa mkosaji, akaweza kutozwa faini au kufungwa. Lakini mshahara haukuwekewa kiasi katika sheria ile. Uliachwa kwa mapatano. Wala siku ya kazi haikupimwa kwa jua, bali kwa mafungu ya majani ya mkonge. Asiyetimiza mafungu yake hakuandikiwa siku katika kipande, na mshahara ulilipwa zilipotimia siku 30 zilizoandikwa. Basi mtu aliweza kukaa shambani zaidi ya mwezi, akapata mshahara wa mwezi mmoja tu. Hakimu aliweza kuamuru alipwe kama walivyopatana. Lakini kama mapatano yenyewe yalikuwa ya haki, sheria ile haikumpa kipimo.

Wengine walijaribu kuweka kipimo, wakaona si jambo jepesi. Katika jimbo la Oklahoma, huko Marekani, sheria ilimwamuru mkandarasi wa kazi za serikali asilipe chini ya ujira wa siku uliozoeleka mahali pale. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Marekani iliikataa amri hiyo, kwa kuwa haikueleweka. Mahali ni kijiji au ni wilaya? Na watu wakilipwa mbalimbali, uliozoeleka ni upi? Dawa ilipatikana katika sheria nyingine ya mwaka 1931, iliyorekebishwa mwaka 1935: waziri wa kazi autangaze ujira wa mahali kabla ya kandarasi kutolewa.

Kwetu Tanzania, kwa sheria za mwaka 2004, waziri hutangaza kima cha chini kwa kila namna ya kazi. Tena kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi chamfundisha hakimu asidanganywe na jina la mkataba. Hata mtu akiitwa kibarua au mkandarasi, hutazamwa mambo yenyewe: Nani amwongoza kazini? Nani ampangia saa? Vyombo ni vya nani? Je, amtegemea mtu mmoja kwa riziki yake? Likionekana hata moja katika hayo, huhesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka mwenye kazi athibitishe sivyo.

Ndiyo tofauti, wasomaji: zamani karatasi ilimfunga mtu, sasa hakimu huitazama kazi iliyo nyuma ya karatasi. Lakini hawezi kutazama asichoonyeshwa. Achumaye chai au apasuaye mbao aandike siku zake na kilo zake, kwani mali bila daftari huisha bila habari.